Kisa cha eksirei ya kifua Kenya: nani anaamua tutafiti nini kwanza?

Watu 305. Hao ndo waliokutwa na kifua kikuu kwenye ule utafiti wa kitaifa wa Kenya wa 2015 mpaka 2016, kati ya watu wazima 63,050 waliojitokeza kwenye klasta 99, yaani maeneo yaliyochaguliwa, nchi nzima. Sasa wachukue hao 305 uwaulize, unakohoa wiki mbili au zaidi? Asilimia 48 tu ndo wanasema ndiyo. Ongeza homa, jasho la usiku na kupungua uzito, unafika asilimia 59. Ila wapige eksirei ya kifua, asilimia 88.2 picha zao zina kitu cha kutilia shaka.

Nachambua kisa hiki kwa sababu kila mara likija suala la vipaumbele vya utafiti kwenye redioloji, watu wanakimbilia hotelini, karatasi za rangi zinabandikwa ukutani, kila mtu anapiga kura, jioni kuna orodha ya mambo kumi na picha ya pamoja. Wakati Kenya walikuwa tayari na orodha, haikuitwa orodha tu, ilikuwa imelala ndani ya majedwali ya ripoti. Swali langu ni moja, kwa nini yale majedwali yalipouliza maswali fulani, sisi watu wa picha tukaenda kujibu mengine?

Tuanze na jinsi kazi ilivyofanyika maana bila hapo hizo asilimia zinaweza kukudanganya. Timu inafika eneo inapiga kambi, mahema, jenereta, mashine ya eksirei, watu wa miaka 15 kwenda juu waliohesabiwa nyumba kwa nyumba wanaalikwa. Unafika unapewa namba, unaulizwa dalili, unapigwa picha, na picha inasomwa palepale na klinikal ofisa ambaye kazi yake si kuandika ripoti ndefu, ni kusema tu hii safi au hii ina shaka, na akisita aiweke kwenye shaka. Ukiwa unakohoa wiki mbili au zaidi, au picha yako ina shaka, unapewa kikopo cha makohozi. Makohozi yanaenda maabara, hadubini, GeneXpert (mashine inayotafuta vinasaba vya vijidudu vya TB) na kuotesha, yaani kuwakuza vijidudu mpaka waonekane. Madaktari wa redioloji wanazipitia picha baadaye.

Umeona penye utata? Mtu asiyekohoa na picha yake safi hakupewa kikopo. Kwa hiyo hata kama alikuwa na vijidudu, hakuna namna ya kumwona. Ile 88.2 ni kati ya waliokamatwa na wavu wenyewe, si kati ya wagonjwa wote waliokuwepo kijijini, na mtu akikuambia "eksirei inakamata asilimia 88 ya TB" akaishia hapo ujue hajaisoma vizuri. Sisemi utafiti ulikuwa mbovu, la hasha, ndivyo tafiti za aina hii zinavyofanywa dunia nzima maana kuotesha makohozi ya watu elfu sitini na tatu ni gharama ambayo hakuna wa kuilipa. Ila hilo lenyewe ni swali la utafiti, tena la kwanza kabisa: ukichukua sampuli ndogo ya wenye picha safi ukawapima makohozi, unakuta nini? Swali la bei nafuu, linajibika, na jibu lake linagusa kila hesabu inayofuata.

Kitu kingine cha karibu ambacho watu wa makaratasi hawakioni. Kifua kikuu cha mtu mzima kinapenda ncha za juu za mapafu, pale nyuma ya mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo. Na pale pale ndipo misuko ya nywele inapoangukia. Dada kasuka rasta ndefu, amekaa kwenye kifaa cha kupokelea picha, hujamwambia azifunge juu, unapata vivuli vya mistari mistari juu ya ncha ya pafu na msomaji mwenye haraka anaandika shaka. Mkufu, kifungo cha gauni, kamba ya sidiria, hivyo hivyo. Halafu kuna mzee ambaye ukimwambia "vuta pumzi, shikilia" anavuta pumzi ya adabu tu, mapafu hayajajaa, chini kunaonekana kumefunga. Mabega hayajasukumwa mbele, mfupa wa bega unakaa juu ya pafu. Hivi vitu mpiga picha anavijua kama jina lake lakini tafuta utafiti unaopima ni picha ngapi kwenye kampeni za mtaani zinaharibika hivi na zinaongeza shaka ngapi za bure, uone kama utaupata kirahisi. Hakuna jarida kubwa linalosisimka kwa rasta. Lakini kila shaka ya bure ni kikopo, ni katriji ya GeneXpert (kibweta cha kipimo kinachotumika mara moja), ni siku ya mtu imepotea.

Sasa turudi kwenye majedwali. Kiwango kilichotoka kilikuwa watu 558 kwa kila watu wazima 100,000. Wanaume 809. Mijini 760. Umri wa miaka 25 hadi 34 ndo ulioongoza, 716. Na ukilinganisha na wagonjwa waliokuwa wanaandikishwa vituoni, kwa kila mmoja aliyeandikishwa kulikuwa na wawili na nusu mtaani. Kati ya wenye ugonjwa ambao walikuwa na dalili, asilimia 64.9 hawakuwa wamekwenda popote kutafuta matibabu. Na kati ya washiriki wenye dalili za kifua, asilimia 21 walisema walipita zahanati za binafsi na maduka ya dawa. Maabarani, GeneXpert ilikamata asilimia 77.7 ya wagonjwa wakati hadubini ya kawaida ilikamata 46.

Soma hayo yote polepole uone yanakuelekeza wapi. Mgonjwa wa kawaida kwenye takwimu hii ni kijana wa mjini, mwanaume, anafanya kazi, hakohoi sana au anakohoa na hajali, akizidiwa anapita kemisti kununua dawa ya kikohozi. Huyo mashine yako ya eksirei iko hospitali ya kaunti saa mbili asubuhi hadi saa kumi na yeye saa hizo yuko kibaruani. Kwa hiyo kabla hujauliza programu gani inasoma picha vizuri zaidi, kuna swali la picha itapigwa wapi, saa ngapi, na nani amemwambia aje. Hilo nalo ni utafiti wa redioloji, ingawa ukilipeleka kwa msimamizi wako anaweza kukuambia hiyo ni afya ya jamii nenda ghorofa ya pili.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo maana eksirei ya kifua imewahi kuwa kipaumbele, ikashushwa, ikapandishwa tena, na sababu zake zinafundisha. Miaka ya katikati ya karne iliyopita eksirei za halaiki zilikuwa ndo mpango mzima. Glasgow mwaka 1957, ndani ya wiki tano, walipiga picha watu zaidi ya laki saba. Nchi nyingi zilikuwa na magari ya eksirei yanazunguka. Halafu 1974 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ikasema sera ya kuzungusha magari na kupiga picha kila mtu bila kuchagua iachwe. Hoja zao zilikuwa na akili: ni ghali, wagonjwa wengi wenye kuambukiza walikuwa wanakuja wenyewe na dalili zao kati ya mzunguko mmoja na mwingine, na magari na mashine vilikuwa vinakaa gereji muda mrefu. Kilichofuata ni hadubini na kikohozi, kikohozi na hadubini. Miaka ya tisini mkakati wa dunia ukajengwa juu ya hapo na eksirei ikabaki ya hospitali.

Ile hoja ya 1974 ilihusu nchi ambazo TB ilikuwa inashuka na watu wanafika hospitali. Ikasafiri mpaka kwetu ambako TB haikuwa inashuka na watu hawafiki. Ikakaa miongo minne. Nani alifanya utafiti wa kuangalia kama hoja ile inashika huku? Wachache sana, maana kitu kikishatolewa kwenye mwongozo, fedha za kukitafiti nazo zinatoka, na bila utafiti hakirudi kwenye mwongozo. Ni tafiti za kitaifa kama hizi ndo zilikuja kukivunja hicho kizuizi, na zilikivunja kwa bahati, kwa sababu eksirei ilikuwemo kama chujio la kupata wa kuwapima makohozi, si kama kitu kinachopimwa chenyewe. Uganda walifanya ya kwao 2014 hadi 2015, Tanzania walitangulia kidogo, na ukiziweka tafiti za namna hii za nchi mbalimbali pamoja unakuta takriban nusu ya wenye TB hawana dalili za kuripoti. Nusu!

Basi eksirei ikarudi, na safari hii ikarudi na mwenzake. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani likatoa pendekezo kwamba programu za kompyuta zinaweza kutumika badala ya binadamu kusoma eksirei ya kifua kuchuja TB kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Mwaka huo huo ukatoka utafiti wa Dhaka, Bangladesh, watu 23,954, programu tano zikashindanishwa na madaktari watatu wa redioloji, na zote tano zikawashinda. Kati ya hizo tano, mbili, qXR na CAD4TB, zilifikia kile kipimo cha Shirika cha kukamata walau asilimia 90 ya wagonjwa huku zikiwaacha salama walau asilimia 70 ya wazima, yaani wasio na TB. Mashine nazo zimepungua, kuna ya Fujifilm yenye kilo 3.5 unaining'iniza begani, betri moja inapiga picha mia hivi. Kenya ikawa miongoni mwa nchi saba zilizoletewa mashine hizi kupitia mradi wa Stop TB Partnership na fedha za Marekani.

Ni hapa kisa kinapoanza kupinda. Mashine zimefika, programu ipo, kila chuo kina mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada. Mada gani zinaandikwa? Usahihi. Usahihi wa programu fulani kwenye hospitali fulani. Unachukua picha mia tatu, unalinganisha na daktari au na GeneXpert, unachora mkunjo wa usahihi, unapata namba nzuri, umemaliza. Sina ugomvi na hizo tafiti, nyingine zina kazi kweli, kwa mfano picha zilezile za utafiti wa Kenya zilikuja kupitishwa kwenye programu na matokeo yakachapishwa 2022, hiyo ni thamani kubwa kwa sababu ni watu wa mtaani na si waliojipeleka hospitali. Lakini ukiwa na utafiti wa usahihi wa kumi na tano unaouliza kitu kilekile kwenye wagonjwa waliokwishajileta wenyewe, unajifunza nini kipya? Na mwaka unaofuata kampuni inatoa toleo jipya, usahihi wako umezeeka hata kabla hujatetea tasnifu.

Swali ambalo mpango wa TB wa kaunti unahitaji jibu lake kesho asubuhi ni lingine kabisa. Programu haikupi ndiyo au hapana, inakupa alama, tuseme kutoka 0 mpaka 100, na wewe ndo unaamua alama ipi ukatie. Ukikatia chini unakamata wengi na unajaza maabara. Ukikatia juu unaokoa katriji na unawapoteza watu. Na alama inayofaa Dhaka si lazima ifae Kisumu, maana utafiti ule ule wa Dhaka ulionyesha programu zote zinayumba kwa wazee na kwa waliowahi kuugua TB, makovu ya zamani yanazichanganya. Sehemu yenye makovu mengi inahitaji alama yake.

Ngoja nipige hesabu ya mfano, ni yangu mwenyewe, kuonyesha tu. Chukua watu wazima 10,000 kwenye kiwango kile cha Kenya, 558 kwa laki, utakuwa na wagonjwa kama 56. Weka alama ya kukatia inayokamata asilimia 90 ya wagonjwa na kuwaacha asilimia 70 ya wazima. Umekamata 50, ila umewapa vikopo na wazima karibu 2,980, jumla vipimo 3,030 na ushee. Katriji ya GeneXpert ya TB, Septemba 2023 bei yake kwa nchi zetu ilishushwa kutoka dola 9.98 mpaka 7.97, tutumie hiyo. Hapo ni kama dola 24,000 za katriji peke yake. Sasa panda juu kidogo, alama inayokamata asilimia 80 na kuwaacha salama asilimia 85. Unakamata 45, vipimo vinashuka mpaka kama 1,540, gharama kama dola 12,000. Umeokoa dola 12,000 na umepoteza wagonjwa watano au sita. Wale watano au sita wanarudi nyumbani na karatasi ya "picha nzuri".

Uamuzi huo nani anaufanya? Hakuna kampuni inayoweza kukufanyia, na mtu wa redioloji peke yake hawezi, maana anahitaji mtu wa maabara anayejua ana katriji ngapi na mashine ngapi zinafanya kazi, mtu wa fedha, na wanajamii waseme wanaona nini kuhusu kuitwa bure mara kwa mara. Shirika la Afya Duniani kupitia TDR, programu yake ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki, lilitoa zana ya kusaidia nchi zifanye utafiti wao mdogo wa kupanga alama. Ipo. Kwa hiyo utafiti wa alama ya kukatia, kaunti kwa kaunti au aina ya eneo kwa aina ya eneo, huo ndo ningeuweka juu kabisa pamoja na ule wa wenye picha safi.

Halafu linafuata lile ambalo hakuna anayelitaka. Picha ina shaka kweli, tena mbaya, mabaka juu kulia, GeneXpert imesema hamna. Unafanyaje? Kumbuka kwenye utafiti wenyewe GeneXpert iliwakamata asilimia 77.7, maana yake zaidi ya mmoja kati ya watano wenye TB iliyothibitishwa walikamatwa kwa njia nyingine, hasa kuotesha, ambayo kituo cha kawaida hakina. Ukipeleka eksirei mtaani bila jibu la hili unatengeneza kundi jipya la watu waliosimama katikati, picha mbaya kipimo safi. Wengine wana makovu ya zamani, wengine wana saratani, wengine mapafu ya vumbi la machimbo au moshi wa kuni, na wengine wana TB. Mpiga picha anajua sura zao. Tunaweza kuwafuatilia miezi sita, mwaka, kupiga picha ya pili na kulinganisha. Ni utafiti wa kuchosha, unahitaji kupigia watu simu ambazo hazipatikani, hauna mkunjo wa kupendeza. Na ni wa kwetu kabisa, maana kulinganisha picha ya leo na ya zamani ndo kazi ya msingi ya redioloji, mradi ile ya zamani imehifadhiwa.

Hifadhi yenyewe jamani! Kuna kampeni picha zinakaa kwenye laptopu ya mradi, mradi ukiisha laptopu inarudishwa ofisini na picha zinaondoka nayo. Mgonjwa anabaki na alama 63 kwenye karatasi. Akija mwaka kesho hospitali na kikohozi, daktari anaanza sifuri. Kama picha za ule utafiti wa kitaifa zisingetunzwa vizuri, hayo machapisho ya 2022 yasingekuwepo.

Watoto nao. Pendekezo la 2021 linaanzia miaka 15 kwenda juu. Chini ya hapo pendekezo hilo halikuigusa programu, na huko ndiko kwenye shida kubwa zaidi ya kupata makohozi, mtoto wa miaka mitatu anayameza. Mwongozo wa 2022 wa watoto umeruhusu kutumia kinyesi kwenye GeneXpert na umeweka mfumo wa alama wa kufanya uamuzi wa matibabu, mmoja una eksirei na mwingine hauna. Kifua cha mtoto hakisomeki kama cha mkubwa, unatafuta matezi yaliyovimba katikati, mtoto amejinyonganyonga, kivuli cha thimasi, tezi ya kifuani ambayo kwa mtoto ni kubwa, kinakudanganya, mama amemshika mikono juu. Wasomaji wanatofautiana vibaya. Kwa hiyo utafiti wa kusoma eksirei za watoto, kwa binadamu kwanza halafu kompyuta, ningeupa nafasi ya tatu, na nakiri hii ni hisia yangu ya kikazi zaidi kuliko hesabu.

Sasa vipaumbele vinavyopangwa kwa utaratibu vinasemaje? Kuna njia inaitwa CHNRI, ilianzia kwenye tafiti za afya ya watoto, inakutaka kila swali la utafiti ulipe alama kwa vigezo vitano: linajibika? jibu lake likifanyiwa kazi litaleta tofauti? linatekelezeka? litapunguza ugonjwa kiasi gani? litawafikia waliosahaulika? Chukua "usahihi wa toleo jipya la programu kwenye hospitali yetu". Linajibika, asilimia mia. Vigezo vinne vingine linaanguka au linachechemea. Chukua "alama ya kukatia ya kaunti". Linajibika, linatekelezeka wiki hiyo hiyo, linagusa kila anayepigwa picha. Chukua "kliniki ya jioni karibu na stendi kwa vijana wa kiume". Kujibika kuna ugumu kidogo, ila kwenye kigezo cha tano linaongoza. Uingereza wana James Lind Alliance tangu 2004, wagonjwa, walezi na wahudumu wanakaa meza moja kuchagua maswali, na mimi napenda hilo la mgonjwa kuwa mezani, maana hakuna mgonjwa atakayekuambia kipaumbele chake ni mkunjo wa usahihi.

Marekani nao walifanya lao, Agosti 2018 taasisi zao za afya na vyama vya redioloji walikaa Bethesda, mwaka uliofuata wakatoa ramani ya utafiti wa akili mnemba kwenye picha za tiba: njia mpya za kutengeneza picha, kuziwekea lebo kiotomatiki, mashine kueleza sababu za ushauri wake, kushirikishana data bila kufichua wagonjwa. Orodha safi, kwao. Wao shida yao ni picha nyingi kuliko wasomaji. Sasa andiko la utafiti la huku likinakili orodha ile neno kwa neno, unajiuliza mwandishi anafanya kazi hospitali gani. Kuna kimoja tu ningekichukua leo leo, hicho cha data, kwa sababu ya zile laptopu.

Na tusijidanganye kuhusu mwenye mkoba. Kampuni inataka utafiti wa usahihi kwa sababu unauza. Mfadhili anataka idadi ya waliochujwa kwa sababu inaingia kwenye ripoti ya robo mwaka. Chuo kinataka chapisho. Hospitali inataka mashine ibaki. Kila mmoja ana haki yake lakini ukijumlisha matakwa yao wote hupati lile swali la picha mbaya kipimo safi, halina mwenyewe. Mwanzoni mwa 2025 fedha za misaada za Marekani ziliposimamishwa, maeneo mengi yaliyotegemea miradi yalibaki yanajiuliza nani atalipa leseni ya programu, nani atabadilisha betri, nani atatengeneza kifaa cha kupokelea picha kikianguka. Swali la gharama ya kuendesha mashine hizi miaka mitano bila mfadhili lilitakiwa litafitiwe siku mashine zinashushwa uwanja wa ndege. Ndo hoja ileile ya 1974, vyombo viko gereji, imerudi na nguo mpya.

Mtu ataniambia, mbona Vietnam walishusha TB bila eksirei? Kweli, kule Ca Mau walipita nyumba kwa nyumba kila mwaka kwa miaka mitatu wakipima makohozi ya kila mtu mzima kwa GeneXpert bila kujali dalili, mwaka wa nne wakakuta ugonjwa uko chini kwa asilimia 44 kuliko maeneo ya kulinganishia. Hiyo hainipingi, inanipa swali jingine zuri: kwa bajeti ileile, kaunti yenye kiwango kama cha Kenya inapata wagonjwa wengi zaidi kwa kupima makohozi ya wote au kwa kuchuja na eksirei kwanza? Jibu litategemea bei ya katriji, idadi ya wanaoweza kutoa makohozi (asiyekohoa unamwomba kikohozi anakuangalia tu), na ile alama ya kukatia. Linajibika kwa jaribio la maeneo mawili matatu, na kama matokeo yatasema eksirei haihitajiki sehemu fulani, watu wa redioloji tuyachapishe vilevile.

Kwa hiyo ningekuwa na bajeti ya miaka mitatu ya idara moja tu, ningeigawa hivi: mwaka wa kwanza alama ya kukatia na sampuli ya wenye picha safi, zikienda sambamba kwenye kambi moja ili gari litumike mara moja, kuanzia mwaka wa pili ufuatiliaji wa picha mbaya kipimo safi, na wanafunzi wawili wa uzamili wapewe hilo badala ya kuachwa watafute picha mia tatu, watoto waanze kidogo kidogo kwa kujenga hazina ya picha zilizosomwa na wasomaji wawili. Utafiti wa ubora wa picha, wa rasta na pumzi, hauhitaji hata fedha, mpiga picha anaweka alama kwenye daftari kwa kila picha aliyorudia na sababu yake, na mwisho wa mwezi mtu wa takwimu anakaa naye nusu saa.